Kwa nini baadhi ya watu hushindwa kusema 'hapana'?

Chukulia mfano wa mchuuzi wa dagaa, au ndagala kama wanavyoitwa Burundi, huko Minago, kando ya Ziwa Tanganyika. Jirani anaomba kukopeshwa kwa mara ya tatu ilhali hajalipa deni la kwanza. Mchuuzi anajua mtaji unakwisha, lakini moyo unamwenda mbio, koo linamkauka, naye anajikuta akitabasamu na kumpimia.

Wengi watauita huo ukarimu. Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kuwa wakati mwingine ni hofu. Mwili unapohisi hatari, mfumo wa neva hujiandaa kupigana, kukimbia au kuganda. Pete Walker, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia wa Marekani, ameeleza njia ya nne: kumridhisha anayeogopwa.

Mizizi ya utotoni

Mtoto mdogo hawezi kupigana na mlezi wake wala kumkimbia, kwani ndiye anayemlisha. Akiona kilio chake kinaleta ghadhabu, hujifunza kuusoma uso wa mkubwa na kuficha mahitaji yake. Mazoea hayo yaweza kudumu ukubwani, hata pasipo hatari.

Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1967. Aliona kuwa watoto waliowaamini mama zao walithubutu kutambaa mbali nao, wakachunguza mazingira, kisha wakarudi. Kusema 'hapana' kunahitaji imani kama hiyo: kwamba uhusiano hautavunjika mtu akisogea kidogo.

Hili si la kuwalaumu wazazi. Machafuko ya mwaka 1972, yaliyolikumba mapema eneo la Rumonge, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, viliwatenganisha watoto wengi na walezi wao.

Je, hali hii inaweza kubadilika?

Ndiyo, ingawa polepole. Inasaidia kuahirisha jibu, kwa mfano kusema "nitakujibu kesho", kupumua taratibu hadi mapigo ya moyo yatulie, na kuanza kukataa mambo madogo mbele ya watu wanaoaminika. Lakini anayeishi na mtu mkatili atafute kwanza usalama na msaada, kwani kwake kuridhisha huenda bado ni kinga.

Ukarimu humwachia mtu uhuru wa kukataa, hofu haimwachii.