Shokapu ya boneti: halisi, mbadala au bandia?

Mteja anayepeleka gari gereji Unga Limited au Sakina, jijini Arusha, kwa sababu boneti haisimami, hahitaji maelezo mengi. Humwambia fundi, "Boneti inaanguka," naye fundi hujibu, "Shokapu zimeisha, bosi." Wameelewana. Ugumu huanza pale mazungumzo hayo yanapopaswa kuandikwa: katika ankara, katika mkataba wa kampuni ya utalii na muuza spea, au katika tafsiri ya kijitabu cha gari. Makala haya yanachambua msamiati wa kifaa hicho kimoja, na hasa maneno matatu ambayo kuyachanganya kunaweza kumtia mtu hasarani: halisi, mbadala na bandia.

Boneti, si kofia

Msamiati mwingi wa magari katika Kiswahili ulitokana na Kiingereza cha Uingereza: boneti, buti, gereji, spana. Vijitabu vya Kimarekani huiita boneti "hood", neno ambalo pia hutaja kofia iliyoshonwa kwenye koti. Mfasiri anayetegemea kamusi bila kutazama muktadha huweza kuandika "kofia ya gari", na msomaji asijue kinachozungumzwa. "Kifuniko cha injini" nacho kina kasoro, kwa kuwa juu ya injini yenyewe, chini ya boneti, kuna kifuniko kingine. Neno boneti [i-/zi-] limekwisha kukubalika. Halina haja ya kubuniwa mbadala.

Kwa nini "shokapu"?

Shokapu, ambayo katika maandishi rasmi huitwa pia shokomzoba, ni kifaa cha kwenye magurudumu kinachotuliza mtikisiko wa gari. Kifaa cha boneti hufanya kazi tofauti. Ni bomba la chuma lililozibwa, lenye gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa kanieneo kubwa, mafuta kidogo ya kulainisha, na fimbo inayoingia na kutoka. Shokapu ya gurudumu hupunguza mwendo. Hii ya boneti husukuma na kubeba uzito. Jina limehama kwa sababu ya kufanana kwa umbo: bomba na fimbo. Huu ni upanuzi wa maana wa kawaida, kama ule uliolifanya neno "mguu" litaje pia mguu wa meza.

Kiswahili kina maneno ya asili yanayokaribia kazi ya kifaa hiki. Mwega (wingi: miega) ni nguzo ya kuegemeza kitu kisianguke, na lina uhusiano na vitenzi egama na egemea. Gadi, linalojulikana zaidi pwani, ni mti unaotegemeza chombo kilichopandishwa nchi kavu. Hata hivyo, mfasiri anayemwandikia fundi wa Arusha atumie "shokapu ya boneti", kwa sababu ndilo jina la dukani. Mwega linafaa kwa ile fimbo ya chuma isiyo na gesi ambayo magari mengi hutumia kusimamishia boneti.

Imechoka, imeisha au imelika?

Vitenzi vya gereji vina mpangilio wake. Kulika husemwa juu ya kitu kinachopungua kwa kusuguliwa: pedi za breki zimelika, tairi limelika. Shokapu ya boneti haipungui umbo. Gesi yake huvuja kidogo kidogo kupitia sili iliyokwaruzwa na vumbi au iliyokauka. Ndiyo maana mafundi husema imechoka inapoanza kulegea, na imeisha inaposhindwa kabisa. Kuchakaa ni neno rasmi linalozifaa hali zote.

Tofauti kati ya kuchoka na kuisha ina msingi katika fizikia. Kanieneo ya gesi iliyofungiwa hupungua joto linaposhuka: kutoka nyuzi 30 za Selsiasi hadi nyuzi 10, hupungua kwa karibu asilimia 7. Shokapu iliyochoka inaweza kuibeba boneti saa nane mchana mjini, kisha ikashindwa alfajiri ya Julai kwenye lango la Momella, katika miteremko ya Mlima Meru. Dereva aliyeandika "shokapu imechoka" katika daftari la gari ametoa onyo. Aliyeandika "ni nzima" kwa kuwa mchana ilisimama amemwacha mwenzake ainamie injini chini ya chuma kizito kisichoaminika.

Maneno matatu yasiyolingana

Kipuri halisi ni kile kinachouzwa kwa jina la mtengenezaji wa gari; mitaani huitwa "orijino" au "OG". Lakini viwanda vya magari havitengenezi kila kipuri. Stabilus ya Ujerumani, kwa mfano, hutengeneza shokapu za gesi kwa ajili ya viwanda vya magari, na huuza nyingine sokoni kwa jina lake yenyewe. Hizo za pili ndizo Kiingereza huziita "aftermarket". Si za mtengenezaji wa gari, wala hazidanganyi kuhusu asili yake.

Hapa ndipo wafasiri hupotea. Neno bandia lina maana mbili. Katika "meno bandia" au "mguu bandia", linataja kitu kilichotengenezwa kushika nafasi ya kingine, bila hila yoyote. Katika "noti bandia" au "dawa bandia", linataja kitu cha kughushi. Anayefuata mfano wa meno huona "shokapu bandia" ni tafsiri sahihi. Katika lugha ya biashara, hata hivyo, maana ya pili ndiyo inayotawala. Kutengeneza au kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia udhibiti wake. Kuandika "bandia" katika ankara au barua ya malalamiko ni kumtuhumu muuzaji kwa kosa la jinai.

Tafsiri inayopendekezwa ni kipuri mbadala. Neno hili hueleza kwamba kipuri kinashika nafasi ya kingine, bila kukisifu wala kukishutumu. Kinyume chake ni kosa vilevile: kuiita "mbadala" bidhaa iliyobandikwa jina la kiwanda kisichoitengeneza ni kuuficha udanganyifu. Neno hafifu nalo lina nafasi yake: bidhaa hafifu haikidhi viwango, hata kama jina lake ni la kweli. Mtumba hutaja kilichokwisha kutumika, ambacho huweza kuwa halisi au mbadala.

Mfano wa matumizi

Epuka: Kampuni itaweka shokapu bandia badala ya za zamani.
Andika: Kampuni itaziondoa shokapu za boneti zilizochakaa na kufunga mpya mbadala, zote mbili kwa pamoja, zenye urefu na kani sawa na za awali.

Sentensi ya pili inalinda zaidi ya heshima ya muuzaji. Kani, inayopimwa kwa nyutoni, kwa kawaida huandikwa kwenye bomba kwa herufi N. Ikiwa ndogo, boneti itaanguka, na ikizidi, itakuwa ngumu kufunga na itazielemea bawaba. Maelekezo ya ufundi yaseme pia kwamba boneti iegemezwe kwa mwega imara kabla ya shokapu ya zamani kufunguliwa, na kwamba bomba lisitobolewe wala kuchomwa moto, kwa kuwa gesi iliyobaki ndani huweza kulipuka.