Uigaji wa Sauti Zinazosogea: Kinachofanywa na Programu na Athari Zake kwa Data ya Usemi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi programu za kompyuta zinavyoiga sauti ambayo chanzo chake kinasogea, na kwa nini namna ya kuiga mwendo huo inagusa ubora wa data inayotumika kuifunza mitambo ya kutambua usemi. Hoja kuu ni kwamba zana nyingi haziigi mwendo wenyewe, bali huunganisha picha nyingi za mnato za sauti, na kwamba mishono ya picha hizo huangukia katika masafa yaleyale yanayobeba usemi. Jaribio fupi la kuibaini kasoro hiyo linapendekezwa.

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hafundishi akiwa amesimama mahali pamoja. Huanza mbele ya ubao, hupita kati ya madawati, huinama kutazama daftari la mwanafunzi, kisha huugeukia ubao na kuendelea kusema huku amewapa wanafunzi kisogo. Mtambo wa kuyaandika maneno yake kwa manufaa ya mwanafunzi asiyesikia vizuri hauna budi kumfuata kote huko. Hata hivyo, mikusanyo huria ya data ya usemi imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Katika Common Voice, kwa mfano, ambao una data ya Kiswahili na ya Kinyarwanda, mchangiaji husoma sentensi zinazoonyeshwa kwenye kioo cha simu au kompyuta, maikrofoni ikiwa karibu naye. Hakuna anayetembea.

Kuwarekodi walimu na wabunge wakiwa katika mwendo wao wa kawaida ni kazi ghali, na darasani hudai pia idhini ya wazazi wa kila mtoto ambaye sauti yake itanaswa. Kwa hiyo watafiti hugeukia uigaji: sentensi iliyorekodiwa karibu na kinywa hupitishwa katika programu, ikatoka kana kwamba ilisemwa na mtu anayetembea chumbani. Njia hii ni halali, na kwa lugha zenye rasilimali chache huenda ndiyo pekee inayomudu bajeti. Swali ni kile hasa ambacho programu hufanya inapodai kwamba sauti imesogea.

Kinachobadilika chanzo kinaposogea

Mwaka 1907 Lord Rayleigh alieleza kwamba msikilizaji huutambua upande inakotoka sauti kwa vidokezo viwili: tofauti ya wakati wa kufika kwa sauti katika masikio mawili, na tofauti ya ukubwa wake. Tofauti ya wakati ni ndogo mno. Hata sauti ikitoka ubavuni kabisa, ni takriban milisekunde 0.7 tu. Umbo la sikio lenyewe huongeza kidokezo cha tatu, ambacho husaidia kutofautisha mbele na nyuma, juu na chini.

Hivyo ni vidokezo vya upande. Umbali una vyake. Pasipo kuta, kila umbali unapozidishwa mara mbili ukubwa wa sauti hupungua kwa desibeli 6. Mwalimu anayetoka mita 1 hadi mita 4 kutoka kwenye maikrofoni hupoteza desibeli 12. Ndani ya chumba mambo hubadilika, kwa kuwa sauti inayorudishwa na kuta haipungui kwa kiasi hicho. Mwalimu akienda mbali, sauti ya moja kwa moja hufifia ilhali ile ya kuta hubaki karibu palepale, na uwiano wa hizo mbili ndio unaomwambia msikilizaji kwamba mtu yule yuko mbali na si kwamba ananong’ona. Hapa istilahi za Kiswahili zinahitaji uangalifu. Neno mwangwi hutumiwa kwa mrudio mmoja unaosikika peke yake, kama ule wa bondeni, na pia kwa msongamano wa marudio yasiyotofautishika ndani ya ukumbi. Programu huvitenganisha vitu hivyo viwili. Katika makala haya mwangwi ni mrudio wa kwanza kutajwa, na msongamano unaitwa mvumo.

Kidokezo cha mwisho ni cha mwendo wenyewe. Mwaka 1842 Christian Doppler alitoa nadharia kwamba masafa ya wimbi hubadilika chanzo kinapomkaribia au kumwacha mpokeaji, na mwaka 1845 Buys Ballot aliijaribu nchini Uholanzi kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuwaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize kidatu. Mtu yeyote aliyesimama kando ya barabara pikipiki ikampita kwa kasi ameisikia tofauti hiyo.

John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyeviweka vidokezo hivi pamoja katika programu ya kompyuta. Makala yake ya mwaka 1971 kuhusu uigaji wa vyanzo vya sauti vinavyosogea ilionyesha kwamba vipaza sauti 4 vinatosha kumfanya msikilizaji asikie sauti ikizunguka na kusogea mbali naye, mradi programu ibadilishe kwa pamoja ukubwa wa sauti katika kila kipaza, uwiano wa sauti ya moja kwa moja na mvumo, na masafa kwa mujibu wa kasi. Mwaka uliofuata alitunga kwa njia hiyo muziki uitwao Turenas. Lengo lake lilikuwa sanaa, na kipimo chake kilikuwa sikio la binadamu. Jambo hili lina uzito, kwa sababu zana nyingi zilizofuata zilirithi kipimo hicho: mwendo ukimshawishi msikilizaji, umetosha. Mtambo unaojifunza usemi haushawishiki kwa namna hiyo. Hujifunza kila kilichomo katika data, pamoja na kasoro ambazo sikio huzisamehe.

Mwendo halisi na picha za mnato

Zana zilizopo zinaweza kugawanywa kwa jinsi zinavyoushughulikia muda wa safari ya sauti kutoka kinywani hadi kwenye maikrofoni. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde katika nyuzijoto 20 za Selsiasi. Mtu aliye mita 10 husikika milisekunde 29 baada ya kusema. Akiwa mita 1, ni milisekunde 3 hivi. Anapotembea, ucheleweshaji huu hubadilika bila kukatika.

Kundi la kwanza la zana hubadilisha ucheleweshaji vivyo hivyo, sampuli kwa sampuli. Csound na Pure Data, ambazo ni mazingira huria ya kutengenezea sauti, humwezesha mtumiaji kujenga ucheleweshaji unaobadilika. Programu ya Emanuel Habets ya kuzalisha ishara za vyumba humruhusu mtumiaji kutoa nafasi ya chanzo na ya maikrofoni kwa kila sampuli. Ucheleweshaji ukibadilika bila kukatika, athari ya Doppler hutokea yenyewe. Haihitaji kuongezwa kama pambo. Anayeona kitufe cha Doppler katika programu ana sababu ya kuuliza kilichokuwa kikifanyika kabla ya kitufe hicho kubonyezwa.

Hata katika kundi hili kuna mtego. Rekodi ya usemi yenye sampuli 16,000 kwa sekunde hugawanya safari ya sauti katika hatua za milimita 21. Mtu anayetembea kwa mita 1.4 kwa sekunde kuelekea kwenye maikrofoni huvuka hatua kama hizo mara 65 kila sekunde. Programu inayokadiria ucheleweshaji hadi sampuli nzima iliyo karibu huitegua sauti mara 65 kwa sekunde, na mtego huo hausikiki kama mwendo bali kama mkwaruzo mwembamba. Tiba inajulikana: kukokotoa thamani ya katikati ya sampuli mbili. Ni hesabu ya ziada, na ndiyo ambayo baadhi ya waandaaji wa data huiacha ili kuokoa muda.

Kundi la pili ndilo linalotumika zaidi katika kuzalisha data nyingi. Hutegemea mwitiko wa chumba, yaani rekodi ya kile ambacho kingeifikia maikrofoni kama mlio mfupi mno ungepigwa katika nukta moja. Njia ya Allen na Berkley ya mwaka 1979 hukokotoa mwitiko huo kwa kuichukulia kila kuta kama kioo na kuhesabu taswira za chanzo nyuma yake. Pyroomacoustics, ya lugha ya Python, imejengwa juu ya wazo hilo. Chanzo huwekwa mahali maalumu, na anayetaka mwendo huupanga mwenyewe kwa nafasi nyingi mfululizo. gpuRIR, iliyotoka Zaragoza nchini Hispania, hukokotoa kwa kasi miitiko ya nafasi nyingi za njia moja, kisha huigawa sauti vipande na kukipitisha kila kipande katika mwitiko wa nafasi yake.

Mwendo unaotokana na njia hii ni mfululizo wa picha za mnato. Kila picha ni sahihi. Tatizo liko kwenye mishono. Kama nafasi inabadilishwa kila nusu sekunde, mtembeaji wetu huruka sentimita 70 kwa mkupuo. Waandaaji wengi hujaribu kuficha mruko kwa kuififisha picha moja huku nyingine ikiingia, lakini katikati ya mpito huo maikrofoni hupokea nakala mbili za sauti ileile zilizopishana. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34, hivyo nakala zilizopishana kwa sentimita 17 hufutana katika masafa hayo, ambayo yako katikati ya eneo linalozitofautisha irabu. Ili kasoro isifike hezi 4,000, ambako urefu wa wimbi ni chini ya sentimita 9, nafasi mbili jirani zinapaswa kuachana kwa sentimita 1 au pungufu. Kwa mtembeaji wa kawaida hizo ni nafasi 140 kwa kila sekunde ya usemi.

Kwa upande wa usikilizaji kupitia vipaza sauti na visikizi hali ni nyepesi zaidi. Ambisonics, iliyoasisiwa na Michael Gerzon na wenzake Uingereza katika miaka ya 1970, na mbinu ya Ville Pulkki ya mwaka 1997, huhamisha upande wa sauti kwa kubadilisha ukubwa wake katika njia mbalimbali. Zinafaa kwa makumbusho na michezo ya kompyuta. Peke yake hazina umbali wala Doppler, na data iliyozalishwa kwazo pekee haipaswi kuitwa data ya wasemaji wanaotembea.

Chumba kisicho darasa

Kasoro nyingine haihusu mwendo moja kwa moja lakini huonekana zaidi mtu anaposogea. gpuRIR hufanya kazi kwa vyumba vya umbo la sanduku tu, na kila ukuta hupewa thamani yake moja ya urudishaji wa sauti. Darasa lenye paa la mabati, sakafu ya saruji na madirisha yasiyo na vioo si sanduku la aina hiyo. Dirisha lililo wazi halirudishi chochote, na mwalimu anapolipita, mvumo wake hubadilika kwa namna ambayo thamani moja ya ukuta haiwezi kuonyesha.

Zaidi ya hayo, katika umbo lake la msingi, njia ya taswira huchukulia kwamba kinywa husambaza sauti sawasawa pande zote. Sivyo kilivyo. Masafa ya juu huelekea mbele zaidi kuliko ya chini. Mwalimu anapougeukia ubao, vikwamizi kama /s/ na /f/ ndivyo hudhoofika kwanza, na msikilizaji wa nyuma hutegemea muktadha kuvitofautisha. Baadhi ya zana sasa humruhusu mtumiaji kukipa chanzo mwelekeo, na kwa data ya darasani hiari hiyo inastahili kuwa sharti.

Je, Doppler huharibu toni?

Katika ukanda huu swali hili si la nadharia tu, kwa kuwa Kiswahili kinaishi jirani na Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda, ambazo ni lugha toni, na mitambo ya usemi aghalabu hufunzwa kwa lugha kadhaa pamoja. Kwa mtembea kwa miguu jibu ni la kutuliza: kasi ya mita 1.4 kwa sekunde hupandisha kidatu kwa asilimia 0.4 hivi, chini ya sehemu moja ya kumi ya nusutoni ya muziki. Hakuna toni itakayopotea hapo. Msemaji aliye kwenye chombo chenye kasi ya mita 15 kwa sekunde, sawa na kilomita 54 kwa saa, ni suala jingine. Sauti ya hezi 440 ingesikika kama 460 akija na kama 422 akienda, tofauti inayofikia nusutoni moja na nusu. Mabadiliko ya kiasi hicho ndani ya tamko moja yanaweza kufanana na mshuko wa toni. Matangazo ya barabarani kutoka kwenye magari yenye vipaza sauti ni data ya aina hiyo hasa.

Jaribio la kuulizia

Mashindano ya kimataifa ya LOCATA ya mwaka 2018 yalitenganisha kazi za wasemaji waliotulia, wasemaji wanaosogea, na hali ambapo maikrofoni zenyewe husogea, kwa kutumia rekodi halisi zilizofanywa Berlin. Utenganishaji huo unafaa kuigwa katika zabuni za umma: alama za mtambo kwa wasemaji waliotulia zisichanganywe na alama za wasemaji wanaotembea, na walau sehemu ya jaribio itokane na rekodi halisi hata kama mafunzo yote yalitokana na uigaji.

Kabla ya hapo, zana yenyewe inaweza kupimwa bila gharama. Programu ipewe mlio safi wa hezi 1,000 wa sekunde chache, kuta ziwekwe zisizorudisha sauti, na chanzo kiende moja kwa moja kuelekea kwenye maikrofoni kwa mita 1.4 kwa sekunde. Mlio unaotoka unapaswa kuwa wa hezi 1,004, ukiongezeka ukubwa polepole. Ukitoka ukiwa hezi 1,000 kamili na kuteguka kila baada ya muda maalumu, zana inarusha picha za mnato. Ukitoka ukiwa 1,004 lakini una milio midogo kandokando yake kwa umbali wa hezi 65 kila upande, inakadiria ucheleweshaji hadi sampuli nzima. Ofisi inayolipia data ya usemi inaweza kudai faili hilo moja liambatane na shehena ya kwanza ya data, na programu yoyote huria ya kuonyesha spektramu itatosha kulisoma.