Je, Wajua? Pwani ilifika hadi Kisangani

Magofu ya Kilwa, kwenye pwani ya Tanzania, yako mbali mno kwa ziara ya siku moja, lakini wanafunzi wa Makiso, mjini Kisangani, wana historia ya pwani karibu nao: maporomoko ya Wagenia. Hapo ndipo penye poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, na wavuvi bado hufunga madema makubwa kwenye nguzo za miti katikati ya maji makali. Chombo kinachopanda Mto Kongo hukwama hapo. Mpelelezi Stanley alianzisha kituo jirani mwaka 1883. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar na mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kuwa gavana wa eneo hilo, kwa pauni 30 kila mwezi. Kiswahili, lugha ya pwani, kingali kikizungumzwa mjini, sambamba na Kilingala.