Kielelezo cha Roketi: Uaminifu wa Umbo na Usalama wa Uwanda

Makala haya yanafafanua kwa nini kielelezo cha roketi chenye injini ya nguvu hakipaswi kunakili asili yake kikamilifu. Mfano unaotumiwa ni Scout, roketi ya Marekani iliyoipeleka angani setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi.

Scout ilikuwa na vifaa vya kuiongoza. Kielelezo hakina, hutegemea mapezi yake tu, kama mshale unavyotegemea manyoya. Ili kisipinduke, kitovu cha uzito sharti kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili wake. Mapezi ya Scout yalikuwa madogo. Anayeyapunguza kwa kipimo kile kile huunda pambo, si chombo cha kuruka. Hivyo basi, muundaji huyapanua, au huongeza uzito puani. Uzito nao hudai mwavuli mpana zaidi wa kushukia.

Marekebisho haya si urembo. Nyanda za Kitengela, zilizokuwa wazi zamani, sasa zimejaa nyumba na seng'enge, na viwanja vya ndege vya Nairobi haviko mbali. Hata mbuga za ndani ya Kajiado zina wachungaji na mifugo. Idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ya wenyeji, itangulie.

Mwanafunzi wa tafsiri ataitambua kanuni hii: uaminifu kwa umbo pekee huweza kuiangusha kazi. Kinachohifadhiwa kwanza ni kile ambacho asili iliundwa kukitenda.