FEDHA KATIKA SIMU: ZIENDAVYO NA ZIIBIWAVYO

Hapo zamani mzazi aliyetaka kumpelekea mtoto wake fedha shuleni alikuwa na njia chache tu. Aliweza kwenda posta kukata hawala, au kumpa kondakta wa basi bahasha, au kungoja mpaka apatikane ndugu msafiri. Kila njia ilikuwa na shida yake: posta ilikuwa mbali, bahasha nyingine hazikufika, na ndugu naye aliweza kupatwa na haja zake mwenyewe njiani. Siku hizi mzazi hubonyeza simu akiwa shambani, na kabla hajamaliza kufuta jasho fedha zimekwisha fika.

Mambo haya yalitufikia kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilifungua huduma iitwayo M-Pesa. Katika majaribio yake, yaliyoanza mwaka 2005, ilikusudiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Lakini watu walionekana wakitumiana fedha wao kwa wao, na kampuni ikafuata matakwa yao. Hapa Tanzania Vodacom ilileta huduma hiyo mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, walitangaza kwamba, kwa hesabu yao, huduma hiyo ilikuwa imezitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini.

Wengi hudhani kwamba fedha hupita hewani. Sivyo. Hakuna hata shilingi moja inayosafiri. Mathalani, mama anampelekea wakala Sh. 20,000 taslimu. Wakala naye ana akiba yake ndani ya simu, ambayo mawakala huiita floti. Floti yake hupungua kwa Sh. 20,000, na salio la mama huongezeka kwa kiasi kile kile. Noti zenyewe hubaki katika droo ya wakala. Mama akizituma kwa mwanawe, kampuni hupunguza katika hesabu ya mama na kuongeza katika hesabu ya mwana. Mwana akienda kwa wakala wa mjini, hupewa noti zilizowekwa na mtu mwingine kabisa. Na ili salio lisiwe maneno matupu, sheria na kanuni za mwaka 2015 zataka fedha halisi zinazolingana na masalio yote ya wateja ziwekwe benki katika akaunti ya amana.

Basi fedha za simu ni daftari, na ufunguo wa daftari hilo ni namba ya siri. Kwa sababu hiyo mwizi wa siku hizi hana haja ya kuvunja mlango. Humwomba mwenye mali afungue mwenyewe.

Nayaeleza haya kwa kuwa yametufika nyumbani. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, mama yangu alikuwa akingoja mjomba ampe namba ya kumtumia fedha zangu za nauli na vifaa. Ukaingia ujumbe: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Akatuma. Kabla ya kuthibitisha, simu ilimwonyesha jina asilolijua, naye akadhani ni la wakala. Jioni mjomba alipopiga simu kuuliza, ndipo tulipojua. Zilikuwa Sh. 85,000, nami nilichelewa shuleni siku tisa.

Majirani walimcheka mama. Mimi nasema hakuwa mjinga. Wezi hao hawakumjua hata kidogo. Hutuma maneno yale yale kwa watu wengi mno, wakijua kwamba miongoni mwao hakosi mmoja aliyekuwa akingoja namba siku hiyo. Ni kama mvuvi na wavu: hamjui samaki, ila ajua baharini mna samaki.

Je, tufanyeje? Kwanza, ujumbe ukitaja fedha, mpigie yule unayemfahamu kwa namba yake ya zamani, uisikie sauti yake. Pili, jina litokealo kabla ya kuthibitisha lisome pole pole. Likiwa geni, acha. Tatu, namba ya siri usimwambie mtu yeyote, hata akisema ni mfanyakazi wa kampuni. Nne, laini husajiliwa kwa alama za vidole; ukiambiwa ubonyeze kidole mara ya pili, uliza sababu, maana wako watu waliosajiliwa laini wasizozijua. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tano, ujumbe wa kitapeli utolee taarifa kwa kutuma ujumbe kwenda namba 15040.

Neno la mwisho nawaambia wanafunzi wenzangu. Hapa shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, lakini tukienda likizo sisi ndio tunaoitwa: “Hebu njoo unibonyezee hapa.” Hivyo wengi wetu twazijua namba za siri za wazazi wetu. Wametuamini sana, nao hutuamini kwa kuwa hawana la kufanya. Mtoto amwonaye mama yake hajui kutuma fedha, akaridhika kumbonyezea kila siku, amemwacha bila ulinzi siku atakayokuwa peke yake. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Likizo iliyofuata nilikaa na mama mchana kutwa, akatuma Sh. 1,000 kwa mjomba na mjomba akamrudishia, mara nyingi, mpaka akawa anasoma jina kwa sauti kabla ya kubonyeza. Kisha nikamwomba abadili namba yake ya siri, nami nikageukia ukutani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi wazazi wetu wanalo tayari mkononi. Iliyobaki ni kazi yetu: kuwafundisha kulisoma wenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne