Anza na Mirunda, Chuma Baadaye

Mkokoteni wa kwanza wa maji niliouunda ulinichukua wiki mbili: skwea paipu mpya, tairi za pikipiki, rangi ya bluu mikono miwili. Kijana aliyeuagiza akapakia madumu 10 ya lita 20, akasukuma hadi kichochoro cha kwanza mtaani kwao, akakwama. Upana ulizidi kwa vidole vinne. Niliukata wote kwa grinda, na chuma kilichosalia hakikutosha nusu ya kazi.

Siku hizi naanza na sampuli ya mirunda. Asubuhi nakata, nafunga kwa mipira ya baiskeli, magurudumu naazima, na mchana mteja anausukuma mwenyewe. Wa mwisho aliuegemea mpini, akapiga hatua chache, akaniambia, "Fundi, uko chini. Nikifika kwenye kilima mgongo wote utaisha." Tukafungua mpira, tukapandisha mpini, akajaribu tena. Mara ya tatu akacheka. Kabla jua halijazama tulikuwa tumepata urefu wa mpini na upana wa kupita vichochoroni, tukajua pia kwamba madumu yakae juu ya ekseli, la sivyo uzito wote unamwangukia mikononi. Kwenye chuma, kila jibu lingekula siku nzima na vijiti vya kuchomelea.

Watu wakisikia sampuli za haraka wanafikiria mashine zinazochapa vitu vya plastiki kutoka kwenye kompyuta, kazi ambayo Mmarekani Charles Hull alikuwa miongoni mwa walioianzisha miaka ya 1980. Ni mashine nzuri. Ila mimi anayenifundisha zaidi ni Paul MacCready wa California. Tangu 1959 mfanyabiashara wa Uingereza, Henry Kremer, alikuwa ameahidi zawadi kwa ndege itakayoendeshwa kwa nguvu za mtu na kuchora namba nane angani. Waliotangulia walijenga ndege za mbao nyepesi, za kupendeza kweli, lakini ikianguka moja, matengenezo ni miezi. MacCready akatumia bomba nyembamba za alumini, nyaya, plastiki angavu na utepe wa gundi. Ikianguka leo, kesho inaruka. Akapata nafasi ya kukosea mara nyingi, na kila kosa likamwonyesha pa kurekebisha. Tarehe 23 Agosti 1977 mwendesha baiskeli Bryan Allen alikanyaga pedali, akaimaliza ile nane, na zawadi ikachukuliwa.

Sampuli ya mirunda haisemi kama kiungo cha chuma kitahimili mashimo ya barabarani mwaka mzima. Hilo linataka chuma chenyewe. Inachosema ni umbo na mkao, na hapo ndipo nimeona mafundi wenzangu wakipoteza mitaji, wengine ya mkopo.

Mwenye wazo la kifaa, tafuta boksi na kamba leo. Kesho mpe atakayekitumia, akishike mbele yako, nawe unyamaze umtazame.