Kiwanja cha kuchezea au kiwanja cha kuuza?

Neno "kiwanja" lina maana mbili ambazo hukaa pamoja kwa amani ndani ya kamusi, lakini nje ya kamusi zimekuwa na uadui usiokwisha. Kiwanja ni mahali watoto wanapochezea. Kiwanja, vilevile, ni kipande cha ardhi kinachongoja kujengwa nyumba. Asili yake ni uwanja uliotiwa kiambishi cha udogo, na katika maana zote mbili sifa inayodokezwa ni moja, yaani mahali palipo patupu. Katika somo la semantiki ningeliita jambo hili upanuzi wa maana, nikatoa mifano mingine miwili mitatu, kisha tukaendelea mbele. Lakini atembeaye katika mitaa ya miji yetu ataona kwamba maana ya pili inaimeza ya kwanza, na kwamba mahali panapoitwa patupu kwa muda mrefu hatimaye hupata mwenyewe.

Tutazame majiji yetu madogo. Kisumu ilipata hadhi ya jiji mwaka 2001. Nakuru ilikabidhiwa hati yake tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Nakuru ilikuwa na wakazi 570,674, Eldoret 475,716 na Kisumu 397,957. Ukiyalinganisha na Nairobi, ambayo ilikuwa na zaidi ya watu milioni nne, haya ni majiji ambayo bado yanaweza kupangwa kabla ya kujaa pomoni. Sherehe za kupandishwa daraja zilifana sana. Hata hivyo, kuna swali ambalo sikulisikia likiulizwa jukwaani: mtoto wa Kaptembwo kule Nakuru, au wa Langas kule Eldoret, au wa Nyalenda kule Kisumu, akitoka shuleni saa kumi jioni, atachezea wapi?

Sizungumzii bustani kubwa ya katikati ya mji, ile yenye sanamu na mahali pa kupigia picha za arusi. Hiyo aghalabu ipo, nayo hutiwa rangi kila wageni wanapotarajiwa. Nazungumzia bustani ya mtaa: robo ekari au nusu ekari, yenye miti ya kivuli, viti vichache, bomba la maji, choo kinachofunguka, na umbali ambao bibi mwenye magoti mabovu anaweza kuutembea akiwa amemshika mjukuu mkono. Neno lenyewe "bustani" lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni mahali pa manukato. Bustani nyingi za mitaa yetu nilizopita karibu nazo zina harufu, ila si hiyo.

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni jambo la anasa, kwamba watu wasio na dawa hospitalini hawali kivuli. Hoja hiyo naiheshimu, lakini siikubali. Wenye nafasi nyumbani, wenye ua na nyasi, hawahitaji bustani ya mtaa. Anayeihitaji ni familia ya watu sita inayokaa chumba kimoja. Isitoshe, Katiba ya 2010 haikulichukulia suala hili kuwa la anasa. Jedwali la Nne linazitaja waziwazi bustani za kaunti, fuo na vifaa vya burudani miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, katika orodha ileile yenye afya na barabara za kaunti. Nalo shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, hupendekeza kwamba asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iwe nafasi wazi za umma, mbali na barabara. Katika mtaa wa ekari 100, hizo ni ekari zisizopungua 15. Mwalimu wa jiografia na awapeleke wanafunzi wake nje wakapime.

Historia ya kuzitetea nafasi hizi tunayo, na ni ya kujivunia, ingawa karibu yote ni ya Nairobi. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, iliponea chupuchupu mwaka 1991 palipokuwa na mpango wa kuichimba. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama dhidi ya jumba la ghorofa sitini lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, akatukanwa hadi Bungeni, na jumba lenyewe halikujengwa. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Langata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakiudai uwanja wao wa kuchezea. Watoto wale walijua isimu kuliko sisi: walikataa kiwanja cha maana ya kwanza kigeuzwe kiwanja cha maana ya pili.

Katika miji midogo, lakini, hapana kamera. Nusu ekari hupotea kimyakimya, na njia yake inajulikana. Ramani ya mtaa huandika mahali fulani kuwa nafasi wazi. Miaka inapita bila mti kupandwa wala jiwe la mpaka kuwekwa. Pakishageuka jaa la takataka, wakazi wenyewe huanza kupalalamikia, na anayejitokeza na karatasi za umilikaji huonekana kama mwokozi anayekuja kuondoa uvundo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotoka 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Bahati njema ni kwamba mahakama zimeanza kulisoma neno lililo kwenye ramani. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ardhi ya Nyali, Mombasa, iliyokuwa imetengwa kuwa nafasi wazi, kisha ikagawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, mwaka 1989, na baadaye ikaifikia kampuni iliyosema kwamba iliinunua kwa nia njema. Mahakama ilishikilia kwamba hati miliki haimkingi mnunuzi ikiwa mzizi wake una dosari. Hivyo basi maneno mawili, "nafasi wazi", yaliyoandikwa na mchora ramani asiyejulikana, yaliweza kuishinda hati miliki.

Ila kuokoa ardhi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni bajeti, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana hapa ndipo lugha inapofanya hila yake kubwa zaidi.

Bajeti ya kaunti ina vikapu viwili. Kimoja huitwa cha matumizi ya maendeleo, na kingine cha matumizi ya kawaida. Kujenga bustani, yaani ukuta, lango, viti, bembea na kibao chenye majina ya wakubwa, huingia katika kikapu cha maendeleo. Kumlipa mtunza bustani, kulipia maji, kununua panga na toroli, kubadilisha ubao wa kiti uliovunjika, yote haya huingia katika kikapu cha kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kusudi lake ni jema, kwani bila kizuizi hicho mishahara na safari zingemeza kila kitu. Lakini yasikilize maneno yenyewe. "Maendeleo" ni neno la sifa. Hakuna mwanasiasa anayeweza kulipinga. "Kawaida" ni neno lisilo na mtetezi. Amri ikitoka ya kupunguza matumizi, wa kwanza kukatwa ni wa kawaida, na mzee mwenye mpira wa maji mkononi ni wa kawaida. Hapana aliyewahi kukata utepe kwa sababu nyasi zimemwagiliwa.

Tufanye hesabu, tena ya kubuni, ambayo mwalimu yeyote anaweza kuibadilisha kwa takwimu za mji wake. Tuseme bustani ndogo imejengwa kwa shilingi milioni sita. Watunzaji wawili, kila mmoja akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, watagharimu 480,000 kwa mwaka. Maji, tuseme 10,000 kwa mwezi, ni 120,000. Vifaa na marekebisho madogo, 150,000. Jumla ni 750,000 kwa mwaka. Katika miaka minane utunzaji utakuwa umefikia gharama yote ya ujenzi. Mtu anayepitisha milioni sita bila kuonyesha 750,000 za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu zitatoka wapi, hajapanga bustani. Amepanga sherehe ya kuifungua.

Wapo watakaojibu kwamba bustani itajilipia yenyewe kwa kodi ya vibanda vya chai vitakavyowekwa kando yake. Jibu hilo linapendeza, lakini Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema kwamba fedha zote zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeziondoa. Kodi ya kibanda itakwenda huko pamoja na ada za maegesho na za leseni, na kurudi kwake kwenye bustani ile hakuna aliyekuahidi. Kuhusu kutoza kiingilio langoni, nitasema kwa ufupi kwamba bustani ya mtaa yenye kiingilio ni duka.

Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha istilahi moja tu katika nyaraka za kaunti, ningeondoa "matumizi ya kawaida" pale yanapohusu mali ya umma, niweke "utunzaji". Mwakilishi wa wadi atapata taabu kidogo kusimama na kusema, "Tumefuta utunzaji."

Nimehudhuria mikutano kadhaa ya ushirikishwaji wa umma katika mji mmoja ambao sitautaja. Mkutano hufanyika katika ukumbi wa kijamii. Kitabu cha makadirio, kinene kama Biblia ya mimbarini, huletwa asubuhi ileile, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Katika mmoja wa mikutano hiyo mama mmoja muuza mboga aliuliza kama bustani ya mtaa wake imo katika kitabu. Afisa alimsomea kichwa cha fungu na nambari yake, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Mama akashukuru, akaketi. Hakuwa ameambiwa kitu. Kisha mzee aliyekuwa nyuma yake akainuka akauliza kwa Kiswahili chepesi, "Na maji ya kumwagilia yatalipwa na nani?" Katika saa tatu tulizokaa pale, hilo ndilo lililokuwa swali la kitaalamu kuliko yote, na halikujibiwa, kwa kuwa muda wa chakula ulikuwa umefika. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, uliobandikwa sokoni juma moja kabla, haungeifilisi kaunti yoyote.

Na tukiwa katika lugha, niseme neno juu ya vibao. "Usikanyage nyasi." Nyasi ambazo hazikanyagwi, hazikaliwi wala hazichezewi, zimepandwa kwa ajili ya nani? Mpangaji bora hupanda aina ya nyasi inayostahimili miguu, akaacha njia pale ambapo watu wamekwisha kujikatia yao, na akaitumia fedha ya kibao kununua miche.

Tarehe nazo zijulikane, maana wengi hufika mkutanoni mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Bustani ambayo haikutajwa hapo itapata taabu kutajwa baadaye. Taarifa ya Mkakati wa Fedha, ambayo huweka viwango vya kila idara, hufika Bungeni kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kufikia tarehe 30 Aprili. Anayekuja Mei kuomba mshahara wa mtunza bustani anakuta vikapu vyote viwili vimefungwa.

Nawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu iliyo wazi: uwanja wa shule ndio bustani pekee iliyobaki katika mitaa mingi, nao pia haujasalimika. Klabu ya Kiswahili inaweza kufanya kazi ambayo kaunti haijaifanya. Wanafunzi wapime kwa hatua nafasi iliyo karibu na shule, wahesabu miti, waandike nani hupumzika pale na saa ngapi, wachore mipaka, waulize katika ofisi ya mipango ramani inapaitaje mahali hapo. Kisha waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha, wenye gharama ya kujenga upande mmoja na gharama ya utunzaji upande wa pili, waupeleke kwa karani wa Bunge la Kaunti mwezi Agosti. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, ibaki katika faili ya mwalimu mkuu.